2,147,483,647: namba tasa iliyo kwenye daftari la SACCO

Mhasibu wa SACCO akiona salio limegeuka ghafla kuwa hasi ya shilingi bilioni mbili na ushee, asikimbilie polisi kwanza. Huenda programu imefika kikomo chake, 2,147,483,647. Shilingi yetu ya Uganda ina sifuri nyingi, kwa hiyo kikomo hicho tunakifikia mapema kuliko wanaohesabu kwa dola.

Chanzo ni biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1 ambazo programu huhifadhia namba. Biti moja hushika alama ya chanya au hasi, 31 zilizobaki hubeba thamani, na kubwa kabisa inayobebeka ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Ongeza shilingi moja tu na salio litasomeka −2,147,483,648.

Namba hiyohiyo ni tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ni ya kundi la Mersenne, zipatikanazo kwa kuipandisha 2 kwa kipeo fulani, kisha kutoa 1. Ili jibu liwe tasa, kipeo chenyewe lazima kiwe tasa, ingawa hilo halitoshi: kipeo cha 11 hutoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Aliyethibitisha utasa wake ni mwanahisabati Leonhard Euler, aliyelieleza katika barua ya mwaka 1772, wakati huo macho yake yamekwisha kufifia. Kwa kawaida ungejaribu kugawa kwa kila namba tasa hadi kipeuo cha pili, karibu 46,341. Ni maelfu ya mahesabu. Euler alijua kwamba kigawo chochote, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Kwa hiyo 63 yenyewe na 249 unaziruka, maana si tasa. Inayofuata, 311, ni tasa: unagawa, inabaki 35, unasonga mbele. Majaribio hayazidi 372, na bado nawaonea huruma waliofanya hivyo kwa kalamu.

Wapo wanaodhani watengenezaji wa kompyuta waliichagua kwa sababu ya utasa wake. Hapana. Kikomo cha biti 16 ni 32,767, yaani 7 × 31 × 151, na kile cha biti 64 nacho hugawanyika kwa 7. Biti 32 zimeangukia bahati. Utasa huo una kazi kwingine, kutengeneza namba za kubahatisha: anza na namba yoyote kuanzia 1 iliyo chini ya kikomo, zidisha kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, chukua baki, rudia. Utapita namba zote 2,147,483,646 kabla ya kurudi ulikoanzia. Yafaa kwa michezo na majaribio ya takwimu. Namba za siri usizitengeneze hivyo, zinabashirika.

Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970. Zinazotumia biti 32 zitafika kikomo Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Kampala, kisha zisome Desemba 1901. Mikopo ya ardhi ya miaka 15 inayotolewa sasa inavuka tarehe hiyo, hivyo muulizeni fundi wenu wa programu kama salio na tarehe vimehamishiwa kwenye biti 64.