Ukipima bayogesi Mwanza, usiamini namba ya kwanza

Mitambo miwili ya bayogesi pale Nyegezi inaweza kujaza ujazo uleule, mmoja ukachemsha maharage haraka na mwingine ukasuasua. Kinachowaka ni methani. Kaboni dayoksaidi iliyochanganyika nayo inapita tu, haiongezi joto. Samadi ya ng'ombe kwa kawaida hutoa gesi yenye methani asilimia 55 hadi 65.

Vihisi vidogo vya kupima kiasi hicho viko vya aina mbili. Cha kwanza kina utando mwembamba unaopashwa moto, wenye upana wa milimita chache au chini ya hapo. Kinapima jinsi gesi inavyouondolea joto. Methani hupitisha joto takribani mara mbili ya kaboni dayoksaidi. Ubaya wake ni kwamba hewa iko katikati ya hizo mbili: kipitishie hewa tupu, kitakuambia kuna methani nusu na zaidi! Bomba linalovuta hewa litakudanganya hivyohivyo.

Cha pili hutumia mwanga wa infraredi, ambao methani huunyonya. Hicho hakidanganywi na hewa, ila kinadanganywa na mwinuko. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni kama kilopaskali 88 badala ya 101. Presha ikiwa ndogo, methani ya kunyonya mwanga nayo hupungua, hivyo kikiwa kimerekebishwa pwani, gesi ya asilimia 60 kitaisoma karibu 52. Kirekebishe hapahapa: pitisha hewa safi upate sifuri, kisha gesi ya mtungi wenye cheti cha kiwango cha methani, usubiri namba itulie.

Mwinuko unagusa hata nishati yenyewe. Gesi kavu ya asilimia 60, kwenye nyuzi 0 na presha ya usawa wa bahari, ina megajuli 21.5 kwa mita ya ujazo. Hapa kwetu, kwenye nyuzi 25 na ikiwa imebeba mvuke, inabaki na kama 16.5.

Mvuke ukigandia kwenye kihisi, namba zinayumba. Weka chupa ya kukusanya maji sehemu ya chini kabisa ya bomba. Anayelisha mtambo mabaki ya sangara atapata pia hidrojeni salfaidi nyingi, gesi yenye harufu ya yai viza, inayokula shaba. Ichuje kwa stilwulu (nyuzi za chuma za kusugulia sufuria) iliyoshika kutu. Ikiwa nyeusi imechoka. Iloweshe maji kabla ya kuitoa, maana ikikutana na hewa hupata moto yenyewe.