“Kocha, mwanangu ni mnene, mweke kwenye laini”

Kila Agosti, wiki ya kwanza ya mazoezi, kuna mzazi anayenisubiri kando ya uwanja na maneno hayohayo. Mwaka huu alikuwa baba mmoja wa Bukavu. Mwaka jana mama wa Eldoret. Mwaka juzi shemeji yangu mwenyewe, Mtanga, mtu aliyekwisha kula wali wangu akinisikiliza nikilalamika juu ya jambo hilihili. Nafundisha laini ya mashambulizi ya mpira wa Kimarekani, yaani wale watano wanaosimama mbele kumkinga mwenye mpira, katika sekondari moja hapa Iowa, Marekani, na wazazi wa vijana wangu wengi huzungumza Kiswahili nyumbani. Salamu zikiisha, mzazi anasema: “Kocha, mwanangu ni mnene, kukimbia hawezi. Mweke kwenye laini. Si huko ndiko wanakotakiwa wanene, na kule ligi kuu, NFL, wanawalipa vizuri?” Halafu anaongeza kwa fahari kwamba nyumbani wameshaanza kumwongezea chakula.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Dhana: laini ni mahali pa mnene asiyeweza kukimbia

Tristan Wirfs, mtu wa laini katika NFL, ni mtoto wa Mount Vernon, mji mdogo wa hapahapa Iowa. Mwaka 2020, kwenye majaribio ya NFL kule Indianapolis, akiwa na kilo 145, alikimbia yadi 40 (kama mita 37) kwa sekunde 4.85 na kuruka wima inchi 36.5, yaani karibu sentimita 93. Kabla hujanibishia, mwite mwanao asimame ukutani, anyooshe mkono, aweke alama kwa chaki, kisha aruke na kuweka nyingine. Pima tofauti. Mimi nikiwa kijana wa kilo 80 sikuwahi kuikaribia hiyo. Timu ya Tampa Bay Buccaneers ilimchukua wa 13 kwenye drafti, ule mgawo wa wachezaji wapya wa kila mwaka, na Februari iliyofuata alikuwa bingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi, akimlinda kwotabeki (mrusha pasi) Tom Brady.

Kilo zile ni ada ya kiingilio tu. Kazi yenyewe iko hivi: mpira ukitoka mikononi mwa senta, yule wa katikati ya laini, kwotabeki anahitaji kama sekunde 3 kurusha pasi. Mbele ya takoli, yule wa ukingoni mwa laini, anakuja mtu wa kilo 120 mwenye mbio za winga, na yeye anajua anataka kupita wapi. Takoli hajui. Anamkabili huku akirudi kinyumenyume, bila kuvusha mguu mmoja mbele ya mwingine, maana akivusha amekwisha. Mikono yake lazima itue kifuani kwa mpinzani, ndani ya mabega. Akimshika kwa nje mwamuzi anatupa kitambaa cha manjano na timu nzima inarudishwa yadi 10. Hayo yote kwa sekunde 3, halafu anarudi kwenye nafasi yake na kuyafanya tena, mara 60 au 70 katika mechi moja.

Zamani ilikuwa kazi ya mabega zaidi. Mwaka 1978 ligi iliruhusu watu wa laini kunyoosha mikono na kufungua viganja wanapolinda pasi, na tangu hapo ni ufundi wa mikono na nyayo. Vijana wangu nawaambia wamfikirie bibi akitoka kisimani na ndoo kichwani. Miguu inahangaika na mawe ya njiani, kiuno kinapokea kila bonde, kichwa kimetulia na maji hayamwagiki. Hiyo ndiyo hatua ya takoli anaporudi nyuma. Nikitaja kiuno wanacheka, kwa kuwa kiuno wanakijua kwenye harusi za kina mama zao. Wacheke. Mtu wa laini asiye na kiuno chepesi ni kabati lililosimama njiani: kubwa, na kila mtu analizunguka.

Sasa huo ulishaji. Nimewahi kuwa na kijana wa miaka 15 aliyeongezwa kilo 18 kati ya Mei na Agosti. Ugali asubuhi, ugali usiku, maziwa, soda, na yale makopo ya unga wa protini yanayouzwa kwa bei ya kondoo. Alirudi akiwa hawezi kuinama kwenye nafasi ya kuanzia bila kisigino kunyanyuka. Magoti yalianza kumuuma Septemba, Oktoba akaacha. Mama yake alidhani nimemwonea. Kabla ya majira yale kijana yule alikuwa na nyayo nzuri kuliko wote niliokuwa nao, na sijapata namna ya kulisema hilo kwa upole hadi leo.

Waliofika kileleni si lazima walikuwa mapande ya watu wakiwa wadogo. Jason Kelce aliingia Chuo Kikuu cha Cincinnati bila ufadhili wa mpira, na hakuwa hata mchezaji wa laini. Akaja kuwa senta, tena mwepesi kwa viwango vya NFL. Philadelphia Eagles walimchukua raundi ya 6 mwaka 2011, chaguo la 191, na wakakaa naye misimu 13. Au mtazame Tyler Linderbaum wa Solon, jirani zetu, ambaye leo ni senta katika NFL. Sekondari alipanda mkeka wa mieleka dhidi ya Wirfs, mtu aliyemzidi umbo kwa mbali, na akamshinda. Mzazi aliyeshuhudia pambano lile asingeniletea tena habari za kilo.

Ndiyo maana ushauri wangu ni uleule, na najua wenzangu wananicheka kwa kuurudia: mieleka wakati wa baridi, kurusha tufe wakati wa masika, na kuchuchumaa kila siku, nyayo zote chini. Vijana waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wakichuchumaa kupika, kufua na kupiga soga, huja na vifundo vya miguu na nyonga ambazo kwa watoto waliozaliwa hapa tunazitafuta kwa miaka miwili ya mazoezi. Baada ya mwaka mmoja wa viti vya Marekani wanazipoteza. Waacheni wachuchumae. Kilo zitakuja chuoni, akiwa na miaka 19 au 20, mikononi mwa watu wanaolipwa kuzisimamia.

Dhana: wenye akili wanacheza kwotabeki, wengine wanasukuma

Baba mmoja aliniambia mwanawe anapata alama nzuri za hisabati kwa hiyo “asipotee” kwenye laini. Laurent Duvernay-Tardif alikuwa gadi (mtu wa laini kati ya senta na takoli) wa Kansas City Chiefs huku akisomea udaktari chuo cha McGill, Kanada, akahitimu 2018, akashinda Super Bowl Februari 2020, kisha akauacha msimu uliofuata kwenda kuhudumia wazee Montreal wakati wa korona. John Urschel alikuwa gadi wa Baltimore Ravens huku akisoma shahada ya uzamivu ya hisabati chuo cha MIT. Leo anafundisha hapohapo.

Hao unaweza kusema ni wa pekee, basi mtazame senta yeyote wa kawaida. Anafika kwenye mpira, anahesabu walioko mbele yake, anaamua lainbeka (mlinzi wa nyuma ya laini pinzani) yupi ndiye kiini cha ulinzi, anamnyooshea kidole na kutamka neno moja. Kwa neno hilo watu watano wanajua nani anamzuia nani. Ulinzi unabadilika sekunde 4 kabla ya mpira kutoka. Inabidi abadilishe naye, kwa neno jingine, huku watazamaji elfu sitini wakipiga kelele makusudi asisikike. Kelele zikizidi, gadi anachungulia nyuma, anamgusa senta, na laini inaanza kwa kuhesabu kimyakimya. Mmoja akikosea hesabu, kwotabeki anabebwa na machela.

Dhana: “amesaini milioni 140”

Hii nayo. Wirfs alisaini mwaka 2024 mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 140.6. Zilizohakikishwa ni kama milioni 88. Zilizobaki zinategemea timu kuendelea kumtaka. Tayari nilikuwa na mzazi mmoja aliyepiga hesabu ya nyumba ya ghorofa Kitengela kwa kutumia takwimu ya kwanza, na mwanawe bado yuko darasa la 10.

Hesabu halisi hii hapa. NFL ina timu 32, kila moja hubeba watu 8 hadi 10 wa laini ya mashambulizi. Nafasi kama 300 duniani, na kila mwaka vyuo vinamwaga wengine. Anayeingia mwaka wa kwanza kwenye kikosi cha watu 53 alilipwa kima cha chini cha dola 795,000 msimu wa 2024. Asiyeingia, akabaki kwenye kikosi cha mazoezi, dola 12,500 kwa wiki, na anaweza kuambiwa Jumanne afungashe. Toa kodi ya taifa, kodi za majimbo anakochezea, na ada ya wakala isiyozidi asilimia 3. Chama cha wachezaji kimekuwa kikitaja wastani wa miaka 3 na kidogo kwa mchezaji wa NFL. Pensheni inataka misimu 3 inayohesabiwa. Oanisha namba hizo mbili uone wangapi wanaondoka mlangoni.

Kwa mzazi wa hapa, hesabu ya maana ni ada ya chuo. Kijana akipata miaka 4 ya kusomeshwa bila deni kwa ajili ya nyayo zake, huo ndio mkataba wa kuupigia vigelegele.

Dhana fupifupi

“Takoli wa kushoto tu ndiye anayelipwa.” Maneno ya zamani, ya wakati mpinzani hatari zaidi alipangwa upande ambao kwotabeki wa mkono wa kulia haoni. Sasa wanampanga popote. Aprili 2024 Penei Sewell wa Detroit Lions alisaini miaka 4 kwa dola milioni 112, akiwa takoli wa kulia. Magadi nao siku hizi wanapita milioni 20 kwa mwaka.

“Amechelewa, ana miaka 16.” Jordan Mailata alicheza raga ya ligi Sydney na hakuwa amecheza mechi hata moja ya mpira huu Eagles walipomchukua raundi ya 7 mwaka 2018. Lakini wanaomtaja husahau nusu ya pili: hakuingia uwanjani kwenye mechi ya ligi hadi 2020. Misimu miwili ya kufundishwa tu. Mkenya Daniel Adongo naye alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts 2013, kama lainbeka, akacheza mechi chache. Kuchelewa kunawezekana, ila kuna bei.

“Wa laini haumii kichwa, kwani hagongwi akikimbia.” Hapa nawaomba mketi. Mtu aliyeufungua mjadala mzima wa ubongo katika mchezo huu alikuwa wa laini: Mike Webster, senta wa Pittsburgh Steelers, bingwa mara 4, aliyefariki 2002 akiwa na miaka 50. Aliyeuchunguza ubongo wake na kukuta ugonjwa wa ubongo uliogongwa mara kwa mara, tunaouita CTE, alikuwa daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha kwamba waliukuta katika bongo 110 kati ya 111 za waliocheza NFL. Zilikuwa bongo zilizotolewa na familia, nyingi zikiwa na shaka tayari, kwa hiyo usiisome kama asilimia ya wachezaji wote. Urschel alistaafu siku mbili baada ya utafiti huo kutoka, akiwa na miaka 26. Hatari ya laini ni vile vipigo vidogo, paji kwa paji, kila mpira unapotoka, ambavyo hakuna anayevihesabu wala kuvitolea machela. Mimi mazoezini sigonganishi vijana zaidi ya siku moja kwa wiki. Mzazi anayenilaumu kwamba nawalea kama mayai namwacha alaumu.

“Akistaafu atabaki na mwili ule.” Joe Thomas, takoli wa Cleveland Browns, alikuwa uwanjani kila mpira wa mashambulizi ulipoanzishwa, mara 10,363 mfululizo tangu 2007 bila kutoka hata mara moja, hadi alipochanika msuli wa mkono Oktoba 2017. Amesimulia jinsi kula kulivyokuwa kazi, hata pasipo njaa, ili kilo zisishuke. Alipostaafu alipunguza zaidi ya kilo 20 ndani ya miezi. Alan Faneca, gadi wa Steelers, alikimbia marathoni ya New Orleans mwaka 2014 chini ya saa 4. Mama wa Eldoret alikataa kuamini hadi nilipomwonyesha picha, akaguna, akasema saa 4 ni nyingi. Kwa Eldoret, sawa.

Wasioangaliwa ndio hubaki na uzito, na presha, na usingizi wa kukoroma unaokata pumzi. Wengi wao walianza kulishwa wakiwa na miaka 14.

Yule baba wa Bukavu alinisikiliza yote hayo akiwa ameegemea gari, mwanawe akichezea simu ndani. Mwishoni akauliza: “Sasa Kocha, ale nini?” Nikamwambia ale kile anachokula dada yake, na Novemba aje kwenye mkeka wa mieleka. “Na dada yake je,” akauliza, “naye anaweza kuja?” Mwache aje. Nimeshamwona akichuchumaa kufunga kamba za viatu.