Filamu zinavyotutia maneno vinywani

Katika filamu ya Marekani ya mwaka 1944 iitwayo Gaslight, mume anapanda kwa siri kwenye chumba cha darini kutafuta vito vya mwimbaji aliyeuawa ndani ya nyumba hiyo. Taa zote za nyumba ni za gesi. Kila anapowasha taa huko juu, gesi ya chini inapungua na mwanga chumbani kwa mkewe unafifia. Mke anaona taa ikififia, anasikia nyayo juu ya dari, lakini hapati hata mtu mmoja nyumbani wa kumwambia kwamba naye ameona. Wakati huohuo mumewe anamshikilia kuwa ni msahaulifu, anapoteza vitu, akili yake si timamu. Taratibu mwanamke anaanza kujishuku.

Mwaka 1969 madaktari wawili wa Uingereza walitumia jina la kisa hicho katika jarida la tiba la The Lancet, wakieleza jinsi mtu anavyoweza kufanywa aonekane mgonjwa wa akili ili aondolewe nyumbani. Mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ililitangaza neno gaslighting, yaani kumfanya mtu aishuku akili yake mwenyewe, kuwa neno la mwaka. Kati ya filamu na tangazo hilo ilipita miaka 78, na wengi wanaolitumia leo hawajaona hata kipande cha filamu yenyewe. Watu walilishika kwa sababu lilitaja jambo waliloishi nalo bila jina. Huo ndio msingi wa suala zima: filamu hutupa maneno mengi mno, lakini yanayobaki ni yale yaliyokuta nafasi inayoyasubiri.

Kwa sisi tunaofanya kazi ya kamusi, kipimo cha kwanza ni kama neno linatumiwa na mtu asiyejua lilikotoka. Cha pili ni kama linakubali kunyambuliwa na kupatanishwa kama maneno mengine ya lugha. Chukua paparazi. Mwaka 1960 mwongozaji wa Italia, Federico Fellini, alimpa mpiga picha mmoja katika La Dolce Vita jina la Paparazzo. Kwa Kiitaliano, wingi wake ni paparazzi. Kiswahili kililipokea umbo hilo la wingi, kikalifanya umoja, kisha kikaliongezea wingi wake chenyewe: paparazi amempiga picha, mapaparazi wamemfuata hadi mlangoni. Neno likishafika hapo, halihitaji tena filamu ya kulishikilia. Vivyo hivyo steringi, yaani mhusika mkuu wa filamu: mtu husema "steringi hafi" akimzungumzia mwanasoka aliyerudi uwanjani baada ya majeraha, na kila anayemsikia anaelewa.

Misemo mingi haifiki huko. Huvuma msimu mmoja, watu wakaichosha, ikapotea. Ndiyo maana wataalamu wa lugha huyaita maneno ya aina hiyo misimu, na ndiyo maana kamusi hazikimbilii kuyaingiza.

Wakati mwingine filamu hujenga juu ya kilichokuwepo. Msemo wa Kiingereza bucket list, yaani orodha ya mambo ambayo mtu anataka kuyafanya kabla hajafa, ulienea kutokana na filamu ya mwaka 2007 yenye jina hilo. Wengi hudhani ni wa kale. Kilicho cha kale ni nahau ya Kiingereza ya kupiga teke ndoo, yenye maana ya kufa, ambayo ilikwishaandikwa kwenye kamusi ya lugha ya mitaani mwaka 1785. Mwandishi wa filamu alichota kwenye nahau hiyo, na wasemaji wakaupokea msemo mpya kana kwamba waliurithi kwa babu zao. Kwa msemaji wa Kiswahili ndoo hiyo haina habari yoyote, hivyo mfasiri anayeihamisha neno kwa neno anamwacha msomaji gizani. Heri aseme tu: mambo ninayotaka kuyafanya kabla sijafa.

Jambo jingine la kuvutia ni kwamba wasemaji hawanukuu, wanarekebisha. Sentensi maarufu inayohusishwa na filamu ya Casablanca ya mwaka 1942 ni ile ya kumwambia mpiga piano, "Play it again, Sam", na haimo kabisa katika filamu hiyo. Kinachosemwa ni "Play it, Sam". Watu waliongeza neno la kurudia kwa sababu ndilo linalobeba kisa kizima, cha wimbo wa zamani unaoombwa upigwe tena. Filamu nazo huurekebisha ukweli kwa namna hiyohiyo. Mwezi Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka katika chombo cha Apollo 13, wanaanga waliiarifu Houston, kituo kilichoongoza safari yao, kwamba walikuwa wamepata tatizo, kwa kitenzi cha wakati uliopita. Filamu ya mwaka 1995 ikaligeuza kuwa "tuna tatizo". Hatari ya sasa hivi humkaza mtazamaji kuliko hatari iliyokwisha kutokea, na umbo la filamu ndilo lililobaki midomoni.

Neno likishatoka, kulirudisha ni kazi bure. Rais Ronald Reagan wa Marekani alipotangaza mpango wa kinga dhidi ya makombora tarehe 23 Machi 1983, seneta Edward Kennedy aliukejeli kwa jina la filamu ya Star Wars, na jina likaganda. Kampuni yenye filamu ilikwenda mahakamani kuzuia makundi ya kisiasa yasilitumie katika matangazo yao. Mwaka 1985 ilishindwa.

Athari ya filamu kwa matamshi ni ndogo kuliko watu wanavyohofia. Kwa muda mrefu wanaisimu walishikilia kwamba skrini hueneza maneno, bali sauti na sarufi tunazipata kwa watu tunaoongea nao ana kwa ana. Utafiti uliofanywa Glasgow, mji wa Uskoti, na kuchapishwa mwaka 2013 uliongeza jambo: vijana waliojihusisha kwa hisia na tamthilia ya televisheni ya London walielekea zaidi kutumia baadhi ya matamshi ya huko. Hata hivyo, kuwa na televisheni nyumbani hakukutosha; maisha yao na marafiki zao vilikuwa na uzito pia. Mzazi anayeogopa kwamba mtoto ataipoteza lugha ya nyumbani kwa sababu ya filamu aanze kwa kuongea naye zaidi.

Ninaloliogopa zaidi ni upotoshaji wa maana. Filamu nyingi zimemwonyesha mgonjwa wa skizofrenia kama mtu mwenye nafsi mbili, mmoja mpole na mwingine muuaji, na watu wakaanza kulitumia jina hilo kwa yeyote anayebadilika msimamo. Skizofrenia haina nafsi mbili. Ni ugonjwa ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo, kushikilia imani zisizo na msingi, au mawazo yake kukosa mpangilio. Kuwa na nafsi zaidi ya moja ni hali tofauti yenye jina lake. Jamaa akiugua, familia iliyojifunza neno hilo kwenye filamu humwogopa badala ya kumpeleka hospitali.

Gaslighting nalo limeanza kuchakaa kwa njia hiyohiyo. Sasa linatajwa kwa kila uongo na kila ubishi wa wapenzi, ilhali uongo wa mara moja una jina lake, nalo ni uongo. Lile la filamu linahusu mpango wa muda mrefu wa kumfanya mtu asiamini macho na masikio yake mwenyewe. Aliyefanyiwa hivyo anapokwenda kuomba msaada, anahitaji kukuta neno hilo bado lina uzito kwa anayemsikiliza.