Daraja linalohesabu baiskeli, na mwenda kwa miguu asiyehesabiwa

Kwenye daraja la Fremont mjini Seattle, Marekani, kuna nyaya zilizofukiwa chini ya njia mbili za pembeni. Baiskeli ikipita juu yake, nyaya hunasa chuma chake na hesabu inaongezeka moja. Kazi hiyo ilianza Oktoba 2012. Jiji huweka hesabu za kila saa kwenye tovuti yake, na yeyote anazipakua bure, hata wewe uliyekaa Mwanza na simu yako.

Chora hesabu za Jumanne ya kawaida, utaona vilima viwili: kimoja karibu saa mbili asubuhi, kingine karibu saa kumi na moja jioni. Jumapili vinapotea, unabaki na mgongo mmoja mpana wa mchana. Hujamuuliza mtu swali hata moja, lakini umeshajua kwamba siku za kazi wengi wanapita pale kusaka riziki, si kupunga upepo. Mwaka 2019 zilihesabiwa baiskeli zaidi ya milioni moja.

Ila milioni hiyo si ya watu. Anayekwenda na kurudi amehesabiwa mara mbili, na anayevuka kwa miguu nyaya hazimwoni kabisa.

Dodoso la Idara ya Sensa ya nchi hiyohiyo lina upofu wa namna yake. Linauliza wiki iliyopita ulikuwa ukiendaje kazini; kama ulichanganya usafiri, unachagua ule uliokupeleka mbali zaidi. Aliyetembea dakika 20 hadi stesheni anaandikwa treni. Mtoto aendaye shule na mama aendaye sokoni hawamo. Kwa swali hilo, Mbagala nzima ingeandikwa daladala, na ule mwendo wa vumbi kutoka nyumbani hadi kituoni usingeonekana popote. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko la nyaya.

Dar es Salaam tuna hazina nyingine. Tangu 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa na mifereji ya kata zinazofurika, na kazi yao imo kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa wote mtandaoni. Lengo lilikuwa mafuriko, lakini vichochoro vimo pia. Tafuta shule ya mtaani kwako kwenye ramani hiyo, ufuate njia ya mtoto hadi anapokutana na barabara kubwa: je, pamechorwa kivuko?

Pakiwa patupu, usikimbilie kulaumu. Huenda kivuko kipo, hakuna aliyekichora. Nenda ukasimame pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi na karatasi yako, upige vijiti vitano vitano: watoto safu yao, baiskeli yao, maguta yao. Andika na hali ya hewa, maana siku ya mvua nusu yao watakuwa wamejibanza kibarazani.