Kila maiki na masafa yake, halafu bado zinakoroma

Wiki iliyopita tena. Mzee wa kanisa kanipigia, baada ya shikamoo na marahaba akaingia moja kwa moja: "Fundi, hizi maiki zisizo na waya tulizouziwa ni mbovu, ukiwasha mbili zinaimba vizuri, ukiongeza ya tatu tu inaanza kukoroma." Nikamuuliza mmepangaje masafa, yaani zile namba za megahezi ambazo kila maiki inarushia mawimbi yake. "Kila moja na yake, tena tumeachia nafasi sawasawa kabisa."

Hiyo sawasawa kabisa ndo imeniketisha niandike, maana nimeisikia kwenye kumbi za harusi, nimeisikia makanisani, nimeisikia hata kwa mafundi wenzangu wenye mitambo ya maana, na kila mtu anaisema kama vile ndo sifa ya kazi nzuri.

Shika kalamu. Maiki ya kwanza megahezi 518.0, ya pili 518.4, ya tatu 518.8. Masafa mawili yakikutana ndani ya saketi yanazaa mengine, na watoto wanaosumbua zaidi ni wale wa daraja la tatu: zidisha moja mara mbili, toa jingine. 518.4 mara mbili ni 1036.8, toa 518.0 unabaki na 518.8. Umeona kamwangukia nani? Yaani maiki mbili za kwanza zinatengeneza kelele hapohapo alipokaa wa tatu, na umezipanga wewe mwenyewe kwa rula. Sasa hiyo ya tatu isogeze hadi 519.3 halafu piga hesabu upya, kila mtoto anaangukia pembeni. Nafasi zisizolingana ndo dawa, na ukiongeza maiki familia inakua vibaya sana, nne zina watoto 24 wa daraja la tatu ukihesabu na wale wa maiki tatu tatu (jumlisha mbili, toa ya tatu), nane zina 224. Ndo maana mtu aliyefanikiwa na nne anashangaa nane zinamshinda na mtambo ni uleule.

Sasa sehemu inayoniudhi kuliko zote. Watu wanaamini masafa yanagombana hewani. Hewa haizai kitu jamani! Watoto wanazaliwa ndani ya vifaa: kwenye ampulifaya ya maiki inayopokea mawimbi ya jirani yake, au kwenye mlango wa risiva, kile kifaa kinachopokea mawimbi ya maiki, ukizidiwa na mawimbi makali. Kwa hiyo umbali ni kila kitu. Zile maiki sita mnazozipanga mezani zote zimewashwa, zimelaliana, huku MC anajaribu ya kwake, hapo mmejenga kiwanda cha watoto, halafu mnaniambia maiki ya MC mbovu. Zitawanye, au zima ambazo hazitumiki. Na risiva zikiwa mita mbili kutoka kwa waimbaji sogeza antena nyuma kidogo, ndiyo, nyuma, ili mlango wa risiva usizidiwe.

Halafu kuna yule anayesema "fundi, pandisha pawa." Ukipandisha maiki zote desibeli 1, mtoto wa daraja la tatu anapanda 3. Kutoka miliwati 10 kwenda 50 ni karibu desibeli 7, mtoto anapanda 21. Umeongeza sauti ya tatizo. Mimi ukumbi wa kawaida naanza na 10 na mara nyingi naishia hapohapo.

Mengine nayapitia haraka. Kundi na chaneli mlivyowekewa na kiwanda: maiki zote zikae kundi moja, usichukue chaneli 1 ya kila kundi, hesabu ilishapigwa ndani ya kundi tu. Skani, yaani risiva itafute masafa yaliyo wazi, kwanza maiki zenu zikiwa zimezimwa, kisha washa moja iache hewani, ndo uskani ya pili. Vituo vya vile ving'amuzi vya antena kila kimoja kinakalia megahezi 8, zikwepe zote. Antena ya chini ya maiki usiifunike na kiganja. Maiki za mtumba za Marekani za bendi ya megahezi 700 ziacheni, kule maiki zilipigwa marufuku humo tangu Juni 2010, na huku kwetu kuanzia 694 kwenda juu utakutana na simu za waumini wote.

Kuna vitu manyuali hazikwambii. Programu ya kupanga masafa ishaniwekea nyekundu, yaani mpangilio mbaya, na harusi ikaenda hadi saa nane usiku bila kukata, na ishaniwekea kijani halafu bwana harusi akakatika katikati ya shukrani. Inapiga hesabu ya masafa, haioni nani kasimama karibu na nani. Watoto wa daraja la tano nikiwa na maiki nne siwahesabu kabisa, na sidhani kama nimewahi kujuta. Wanaosema maiki za dijitali zimemaliza haya nawakubali nusu, baadhi kweli zinavumilia nafasi sawa kwa sababu ampulifaya yake imenyooka, haizai watoto wengi, ila mlango wa risiva bado unaweza kuzidiwa.

Kwa yule mzee nilienda Alhamisi. Maiki saba, nikapanga upya, sita zikatulia, nikawaambia wanakwaya wote waimbe wakizunguka ukumbi kila kitu kikiwa kimewashwa. Ya saba ilikuwa ya mimbari, na mimbari haitembei, nikaiwekea ya waya. Mzee hakufurahi, walishalipia saba. Ila Jumapili hakunipigia.