Kukompaili dibaga ya madirisha kwa mashine nyingine: kipi kikae wapi

Anayetafuta hitilafu kwenye kifaa chenye prosesa ya ARM, iwe Raspberry Pi au bodi iliyofungwa ndani ya mtambo, mara nyingi huanza kwa kujitesa bure. Anachukua msimbo chanzo wa dibaga nzima, yaani programu ya kutafutia hitilafu ndani ya programu nyingine, madirisha na vitufe vyake vyote, anajaribu kuukompaili ili uendeshwe kwenye kifaa kile. Siku ya pili bado anahangaika na Qt au GTK, maktaba za kuchorea madirisha, na kifaa chenyewe pengine hakina hata skrini.

Dibaga nyingi za madirisha ni uso tu. DDD na KDbg hazisimamishi programu wala hazisomi kumbukumbu; kazi hiyo imeachiwa GDB, dibaga ya mstari wa amri ambayo Richard Stallman alianza kuiandika mwaka 1986, nazo huzungumza nayo kwa maandishi. GDB nayo hugawanyika: yenyewe inabaki kwenye laptopu, na programu ndogo iitwayo `gdbserver` inakaa kwenye kifaa. Gdbserver haijui jina la kigeugeu wala mstari wa msimbo. Inajua kusimamisha programu, kusoma baiti na kuandika baiti, basi. Majina yote husomwa na GDB upande wa laptopu, na ndiyo maana faili iliyopo kwenye kifaa inaweza kupunguzwa kwa `strip`, amri inayoondoa majina hayo, ili isijaze nafasi, mradi laptopu inayo nakala ya mkompailio uleule, iliyokompailiwa kwa `-g` ili ibebe majina, na haikuguswa.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika `configure`, hati inayoandaa ukompailiaji, jiulize kuhusu mashine tatu. `--build` ni inayokompaili. `--host` ni itakayoendesha kile kinachotoka. `--target` ni ile ambayo programu zake zitachunguzwa. GDB ya kwenye laptopu inahitaji `--target=aarch64-linux-gnu` peke yake. Gdbserver inahitaji `--host=aarch64-linux-gnu`. Kuchanganya hizi mbili ndilo kosa linalowapotezea watu muda kuliko yote, kwa sababu kompaila hailalamiki: unapata faili nzuri kabisa, ila ya mashine nyingine.

Anayetumia Debian au Ubuntu hana haja ya kukompaili GDB ya laptopu. Kifurushi `gdb-multiarch` kinajua prosesa nyingi. Na kama kifaa nacho kina Debian, `apt install gdbserver` inamaliza kazi. Kukompaili kunabaki kwa vifaa visivyo na vifurushi, na kwa anayetaka toleo fulani mahususi. Ukikompaili GDB mwenyewe, matoleo ya sasa yanadai maktaba za hesabu GMP na MPFR. Ongeza pia `libexpat1-dev`, yaani Expat, maktaba ya kusoma XML, ingawa `configure` haitakulazimisha: bila Expat, GDB haiwezi kusoma maelezo ya rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) yanayotumwa na kifaa.

Kwa gdbserver, weka kompaila `g++-aarch64-linux-gnu`, kisha fungua folda mpya iliyo nje ya msimbo chanzo, ambao hapa uko kwenye folda `gdb`:

```
mkdir jenga-seva && cd jenga-seva
../gdb/configure --build=x86_64-linux-gnu \
  --host=aarch64-linux-gnu --disable-gdb
make all-gdbserver
file gdbserver/gdbserver
```

Amri ya mwisho usiiruke. Jibu lake lazima litaje `ARM aarch64` na kipakiaji, yaani programu inayopakia maktaba faili inapoanza, `/lib/ld-linux-aarch64.so.1`. Likitaja `x86-64`, ukapeleka faili hivyohivyo, kifaa kitakujibu `Exec format error`. Kuna jibu jingine linalochanganya zaidi: `No such file or directory`, na faili unaiona kwa macho. Hapo kinachokosekana ni kile kipakiaji. Ama kifaa kina kerneli ya biti 64 lakini programu na maktaba zake ni za biti 32, ama maktaba zake za C ni za aina nyingine.

Tatizo la tatu ni la glibc, maktaba kuu ya C kwenye Linux nyingi. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, Debian 11 ina 2.31. Ukikompaili kwenye ya kwanza na kuendesha kwenye ya pili, utaambiwa `GLIBC_2.34 not found`. Toleo 2.34 liliunganisha maktaba ya nyuzi na maktaba kuu ya C, likabadilisha hata alama ya kuanzishia programu, kwa hiyo karibu kila faili mpya inalidai. Dawa ni kukompaili ndani ya kontena la mfumo wenye umri wa kifaa, au mkongwe zaidi. Glibc mpya huendesha faili za zamani. Kinyume chake hapana.

Sasa unganisha. Gdbserver haina nenosiri, na kuiacha wazi kwenye poti ya mtandao ni kumkabidhi yeyote kifaa chako. Ipitishe kwenye SSH. Tuseme programu unayoichunguza inaitwa `pampu`. Fungua uso kwa `ddd --debugger gdb-multiarch pampu`, kisha kwenye dirisha la amri andika:

```
set sysroot /home/fundi/mzizi
target remote | ssh -T pi@192.168.1.50 gdbserver - ./pampu
```

Folda `mzizi` ni nakala ya `/lib` na `/usr/lib` za kifaa. Usipoiweka, GDB itavuta maktaba moja moja kupitia mtandao, na utasubiri. Angalia viungo vya faili ndani yake: kinachoanza na `/` kitakurudisha kwenye maktaba za laptopu, na GDB itasoma alama zisizohusika.

Baada ya kuunganika usibonyeze kitufe cha kuendesha. Programu imekwisha kuanzishwa na imesimama. Bonyeza cha kuendelea, yaani `continue`. Ukiona `Remote 'g' packet reply is too long`, jua umefungua GDB ya kawaida ya laptopu na haielewi rejista za ARM.

Kuna wakati uso wenyewe lazima ukompailiwe kwa mfumo mwingine, kwa mfano wenzako wanatumia Windows nawe uko Linux. Chagua kwanza uso usiotegemea terminali bandia za Unix. DDD inazitegemea, kwa hiyo iache. Kwa uso wa Qt 6 unahitaji Qt mbili za toleo moja: ya Windows ya kuunganishwa nayo, na ya laptopu, kwa kuwa zana zake `moc`, `uic` na `rcc` huendeshwa wakati wa kukompaili. Njia ya hiyo ya pili itaje kwa `QT_HOST_PATH`. Elekeza pia `PKG_CONFIG_LIBDIR` kwenye maktaba za Windows, la sivyo `pkg-config` itakuletea za laptopu kimyakimya.

Ikishatoka, orodhesha inachodai kwa `x86_64-w64-mingw32-objdump -p uso.exe | grep "DLL Name"`. Kwa kawaida utabeba DLL (maktaba za Windows) kama `libstdc++-6.dll`, `libgcc_s_seh-1.dll` na `libwinpthread-1.dll`. `qwindows.dll` haitaonekana kwenye orodha hiyo, lakini bila kuiweka ndani ya folda `platforms` dirisha halifunguki. Kosa `0xc000007b` maana yake, mara nyingi, umechanganya DLL za biti 32 na 64.

Na uso huo utaita `gdb.exe`, ambayo inajengwa Linux, inaendeshwa Windows, inachunguza ARM. Mashine tatu tofauti. Mafundi huita hali hii mkompailio wa Kikanada, kwa sababu wakati jina linabuniwa Kanada ilikuwa na vyama vitatu vya siasa vya kitaifa. Taja zote tatu kwa `configure`, na uandae GMP, MPFR na Expat za Windows kabla.

Kwa macOS, dibaga inayoshika programu za Mac yenyewe lazima isainiwe kwa `codesign` pamoja na kibali `com.apple.security.cs.debugger`; ukiipitisha kwenye `strip` baada ya hapo, saini inavunjika. GDB inayozungumza na gdbserver ya mbali tu haihitaji kibali hicho, kwa kuwa haigusi programu yoyote ya Mac.