Sumu ya samaki wa bahari haiogopi moto

Lubumbashi iko mbali na bahari, lakini makartoni ya thomson, samaki wa bahari, waliogandishwa hayakosekani sokoni, na maneno ya watu kuhusu sumu ya samaki hayakosekani pia.

"Samaki akiiva vizuri, sumu inakufa."
Vijidudu ndivyo vinavyokufa. Sumu ya mwani ni kemikali, inatengenezwa na mwani mdogo usioonekana kwa macho. Kome (mnyama wa baharini mwenye gamba) au samaki anaula, sumu inajikusanya mwilini mwake, na kwa kumtazama hutajua kitu. Chemsha, kaanga, gandisha mwezi mzima, itabaki. Ndimu na pilipili ni za ladha tu. Mwaka 1987 huko Kanada, watu zaidi ya 100 waliugua kwa kome wa Prince Edward Island waliokuwa na sumu ya mwani iitwayo asidi ya domoiki. Watatu walikufa, na wengine walibaki wamepoteza kumbukumbu.

"Harufu itakuambia."
Kwa samaki aliyeoza, sawa. Samaki mwenye siguatera, sumu nyingine ya mwani, hanuki wala habadiliki ladha. Sumu hiyo hutoka kwa Gambierdiscus, mwani wa kwenye matumbawe, ikapanda hadi kwa walaji wakubwa kama barakuda na chewa. Mgonjwa anaharisha, midomo inakufa ganzi, halafu ajabu yenyewe: akishika maji baridi yanamchoma kama moto. Hali hiyo yaweza kudumu wiki kadhaa, hata miezi.

"Basi hata thomson ana siguatera."
Tusimsingizie. Yeye si samaki wa matumbawe, na wengi wanavuliwa kwenye maji baridi ya Namibia. Kasoro yake inaanzia kwenye joto. Umeme ukikatika usiku kucha na samaki wakayeyuka, bakteria wanatengeneza kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama. Ukimla, mara nyingi haipiti saa moja: uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Watu husema ni aleji. Histamini nayo haiondoki kwa kupikwa, kwa hiyo kartoni iliyolowa kisha ikakauka, samaki wamelainika, wamepondeka na kugandishwa upya kama bonge moja, mimi siigusi hata muuzaji akipunguza bei mara mbili.

"Kunywa maziwa, yanakata sumu."
Hayakati. Saksitoksini, sumu ya mwani inayojikusanya kwenye kome, inaweza kulemaza misuli ya kupumua, na haina dawa ya kuizima. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua mpaka mwili uitoe. Ukiwa safarini pwani, ukala kome, kisha mdomo ukaanza ganzi, nenda hospitali saa hiyohiyo.